Dubai kwa tiketi ya kwenda tu: soma kabla hujalipa nauli

Tiketi ya kwenda tu ni ya mtu mwenye kibali cha kuingia kilichoandikwa kazi. Mwenye viza ya matembezi, hata kama nia yake ni kutafuta ajira, anahitaji tiketi ya kurudi mkononi na tarehe ya kurudi aliyoipanga mwenyewe. Wengi wanaokwama Dubai wakitokea Nairobi, Mombasa, Dar au Kampala wamelichanganya hili moja: wamesafiri kama walioajiriwa ilhali karatasi zao ni za mgeni.

Karatasi uliyopewa inasemaje?

Ziko aina tatu, na kila moja ina masharti yake.

Viza ya matembezi ni ya siku 30 au 60. Inaombwa kabla ya safari kupitia shirika la ndege, hoteli, wakala wa safari au ndugu mwenye ukazi kule. Kwa viza hii unaweza kupeleka CV na kuhudhuria usaili, lakini huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, hata ile ya "njoo tukuone wiki hii kwanza, hela baadaye". Tangu Agosti 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali anaweza kutozwa faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni 1. Kwa hiyo mwajiri makini hatakugusisha kazi kabla kibali hakijatoka. Anayekuambia uanze kesho hana mpango wa kukuandikisha.

Viza ya kutafuta kazi ilianza Oktoba 2022. Ni ya siku 60, 90 au 120 na haihitaji mdhamini. Kikwazo ni sifa: lazima uwe na shahada ya kwanza au zaidi, na uwe ama katika ngazi tatu za juu za ujuzi katika orodha ya Wizara ya Kazi ya huko (mameneja, wataalamu, mafundi sanifu), ama umehitimu ndani ya miaka miwili iliyopita katika mojawapo ya vyuo vikuu 500 bora duniani. Mhasibu, mhandisi au mwalimu mwenye shahada aanzie hapa. Mwenye cheti cha kidato cha nne, hii si yake.

Ya tatu ni kibali cha kuingia cha ajira. Kinatoka baada ya wewe kusaini ofa na mwajiri kuilipia. Hapo ndipo tiketi ya kwenda tu inapoleta maana, na mara nyingi mwajiri ndiye anayeinunua.

Usiamini maneno ya dalali; soma karatasi. Imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo tafuta neno Visit, Tourist au Employment, kisha angalia jina la mdhamini na kazi iliyojazwa. Kama uliahidiwa kazi ya ulinzi hotelini na mdhamini ni kampuni ya utalii, umepigwa, na ni afadhali ujue ukiwa bado nyumbani. Viza ya Dubai inahakikiwa kwenye tovuti ya GDRFA, yaani Uhamiaji wa Dubai, na ya Abu Dhabi, Sharjah na falme nyingine kwenye tovuti ya ICP, mamlaka ya uhamiaji ya nchi nzima. Unahitaji namba ya viza, namba ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Ikikataa kuonekana, usilipe salio.

Kaunta ya ndege

Safari nyingi za tiketi ya kwenda tu huishia hapa, JKIA Nairobi au JNIA Dar, begi likiwa kwenye mzani. Shirika la ndege likimbeba abiria akakataliwa kuingia, ndilo linalomrudisha, na linaweza kutozwa faini pia. Ndiyo maana mfanyakazi wa kaunta anaangalia masharti ya nchi unayokwenda kwenye mfumo unaoitwa Timatic, na akiona viza ya matembezi anauliza tiketi ya kurudi. Kumbembeleza hakusaidii, maana hasara ni ya shirika lake.

Ukinunua tiketi, chagua ya kwenda na kurudi inayokubali kubadilishwa tarehe, na uulize gharama ya kubadilisha kabla hujalipa: ada pamoja na tofauti ya nauli. Mara nyingi tiketi ya namna hiyo haizidi sana bei ya ile ya kwenda tu, na wakati mwingine ziko karibu sawa. Jihadhari na mawili. La kwanza, kwenye tiketi moja ya kwenda na kurudi, ukiikosa ndege ya kwenda, nafasi ya kurudi nayo hufutwa. La pili, zile "buking" wanazouza vijana wa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana ni nafasi zilizoshikwa bila kulipiwa. Zinakufa zenyewe baada ya saa chache au siku chache, na namba yake ikiingizwa kwenye tovuti ya shirika inaonyesha kwamba hakuna tiketi iliyotolewa. Afisa anaweza kuliona hilo kwa dakika moja.

Tarehe ya kurudi iweke siku tatu hadi tano kabla viza haijaisha. Hesabu vizuri, maana siku ya kuingia nayo inahesabiwa. Ukiingia tarehe 3 Machi kwa viza ya siku 60, siku ya 60 ni tarehe 1 Mei, wala si 3. Panga kana kwamba hakuna siku za bure za nyongeza. Kila siku inayozidi ni dirhamu 50, kwa hiyo mwezi mmoja ni 1,500. Mbaya zaidi, wakala aliyekudhamini anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Ripoti hiyo ikishaingia kwenye mfumo, hata ukipata kazi halali, kibali kinakwama mpaka ifutwe, na kuifuta kuna gharama zake. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 serikali ilitoa msamaha kwa waliopitiliza muda. Usisafiri ukiutegemea mwingine.

Tangu Mei 2024 ukaguzi wa wageni umekazwa. Beba uthibitisho wa dirhamu 3,000, yaani kama dola 820, taslimu au kwenye kadi, pamoja na tiketi ya kurudi na anwani ya utakapolala. Ukifikia kwa ndugu, mwombe nakala ya kitambulisho chake cha Emirates na ya mkataba wake wa nyumba uliosajiliwa, ambao Dubai unaitwa Ejari. Ukiulizwa, majibu yalingane na karatasi. Kama una usaili uliopangwa, sema una usaili. Usiseme umeajiriwa wakati viza inasema mgeni, maana Uhamiaji wa nyumbani wanawatafuta watu wanaosafirishwa kimagendo, na jibu hilo ndilo linalowashtua.

Yanayomalizwa nyumbani

Vyeti vya elimu vinagongwa mihuri kwa mfuatano, na mfuatano haurukwi: kwanza chombo cha elimu kinachohakiki cheti, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Nairobi au Dar es Salaam. Muhuri wa mwisho ni wa Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Ukiondoka bila hatua za nyumbani, utalazimika kurudisha cheti halisi kwa mtu au kwa kampuni ya vifurushi huku siku zako zikiyoyoma.

Majina nayo. Cheti kinasema Mwanaisha Ali, pasipoti inasema Mwanaisha Ali Omar. Tengeneza hati ya kiapo mapema au sahihisha kimoja. Pasipoti iwe na miezi sita au zaidi, na isiwe na jina moja tupu, kwa sababu tangu Novemba 2022 mgeni mwenye jina moja tu kwenye pasipoti hakubaliwi. Chukua pia cheti cha tabia njema: Kenya kinatoka DCI kupitia eCitizen, Tanzania kinatoka polisi baada ya alama za vidole.

Pima afya kabla ya kununua tiketi. Ukazi haupatikani bila kupimwa VVU na kifua kikuu, na atakayekutwa na VVU hapewi ukazi, anarudishwa. Wafanyakazi wa nyumbani, saluni na chakula wana vipimo vya ziada, vikiwemo homa ya ini aina ya B na kaswende. Wa nyumbani wanapimwa na ujauzito. Piga picha ya kifua hukohuko nyumbani. Kovu la kifua kikuu cha zamani linaweza kukuletea usumbufu mkubwa, na ni heri ulijue kabla hujauza ng'ombe.

Kwenye begi, toa dawa za maumivu zenye codeine au tramadol, hata kama uliandikiwa na daktari, isipokuwa umeomba idhini ya Wizara ya Afya ya huko mapema. Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria zao. Hakuna mjadala na hakuna kiasi kidogo. Na usimbebee mtu kifurushi usichokifungua mwenyewe.

Baadhi ya kazi zina leseni zake, na leseni inaanza kutafutwa kabla ya safari. Muuguzi apeleke vyeti DataFlow, kampuni inayohakiki vyeti, vihakikiwe na afanye mtihani wa mamlaka ya afya ya eneo analolitaka (Dubai ni DHA) akiwa bado kwao, maana hilo ni suala la wiki nyingi na linaweza kufika miezi. Mlinzi wa Dubai hapangiwi lindo bila mafunzo na kadi ya SIRA, mamlaka inayosimamia ulinzi huko. Kwa kawaida kampuni inampeleka baada ya kumwajiri, hivyo usinunue "kadi ya SIRA" mtaani. Dereva wa pikipiki za chakula ajue kwamba leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi moja kwa moja. Atasoma udereva upya, na swali la kumuuliza mwajiri ni nani analipia, na gharama ikikatwa kwenye mshahara ni kwa miezi mingapi.

Pesa ya siku 60

Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.67. Kwa mtu anayelala kitanda cha kukodi na kujipikia, panga kwa mwezi dirhamu 700 hadi 900 za kitanda, 500 za chakula, 250 za usafiri, 100 za laini ya simu na intaneti, na 100 za kuchapisha karatasi na madogomadogo. Ni kama 1,800, na kwa miezi miwili 3,600. Ongeza amana ya wakala kama ipo, yaani fedha anazokushikia mpaka utoke nchini, na akiba ya kubadili tarehe ya ndege. Ile 3,000 ya kuonyesha uwanja wa ndege inaweza kuwa sehemu ya fedha hizi, mradi si mkopo wa kurudisha jioni ileile. Hali ya pesa ikiwa chini ya hapo, ngoja. Mtu aliyeishiwa wiki ya tatu anakubali mkataba wowote, na wanaomwajiri wanalijua hilo.

Kitanda, CV na usaili

Kitanda kinatangazwa kwa jina la "bed space", watu wanne hadi wanane chumba kimoja, hasa Deira, Al Rigga, Satwa na Bur Dubai. Sharjah ni nafuu, lakini foleni ya asubuhi kuelekea Dubai inaweza kula saa mbili na ukachelewa usaili. Usitume amana kabla hujakiona chumba. Uliza Ejari ni ya nani. Juni 2025 manispaa ya Dubai ilifanya msako wa vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali katika mitaa hiyohiyo, na wapangaji wakatolewa. Aliyekuwa na risiti alikuwa na cha kudai.

Nunua kadi ya nauli ya Nol ya rangi ya fedha kwenye stesheni ya kwanza ya metro: dirhamu 25, na 19 kati yake ni salio la nauli. Laini ya simu ya kienyeji ni lazima, maana mwajiri hapigi namba ya +254 au +255. Kupiga simu kwa WhatsApp hakufanyi kazi kule, ujumbe tu ndio unaokwenda. Wafundishe wa nyumbani kutumia BOTIM, programu ya simu inayofanya kazi huko, kabla hujaondoka, wasije wakadhani umepotea.

CV iwe kurasa mbili zisizozidi. Juu kabisa weka picha, uraia, namba ya simu ya huko na hali ya viza na tarehe inayoisha, kwa mfano "viza ya matembezi hadi 1 Mei". Mwajiri analitafuta hilo kwanza, kwa kuwa linamwambia ana siku ngapi za kukuandikisha. Usiseme umefanya kazi ya baa kama hujui kubeba trei. Hoteli wanakupa trei palepale.

Wikendi ni Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku. Siku za kuzunguka ni Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi. Ramadhani saa za kazi zinapungua kwa mbili kila siku na maamuzi ya kuajiri yanalala. Julai na Agosti joto linafunga mengi. Septemba hadi Novemba, na Januari hadi kabla ya Ramadhani, ndiyo misimu yenye uhai kwa hoteli na maduka.

Ofa: hapa usiharakishe

Kampuni za bara, yaani zisizo kwenye maeneo huru ya biashara, zinatoa ofa kupitia Wizara ya Kazi inayojulikana kama MOHRE. Ofa ina namba, nayo inahakikiwa kwenye tovuti au programu ya wizara hiyo. Maeneo huru kama JAFZA na DMCC yana mamlaka zake, na huko ndiko unakohakiki. Karatasi ya kampuni iliyochapishwa kwa nembo nzuri bila namba ni tangazo tu.

Mshahara ukitajwa, uliza wa msingi ni kiasi gani. Chukua ofa ya dirhamu 1,500. Ikiwa msingi ni 800 na 700 ni posho, kiinua mgongo cha mwaka mmoja, ambacho ni siku 21 za mshahara wa msingi, ni 560. Msingi ungekuwa 1,500 yote, ingekuwa 1,050. Saa za ziada nazo zinahesabiwa kwenye msingi: nyongeza ya asilimia 25, na asilimia 50 kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, ingawa wa zamu hawaipati hiyo ya usiku. Ofa mbili zenye jumla sawa zinaweza kupishana sana baada ya miaka miwili. Angalia pia kama malazi na usafiri vimeandikwa, kwa sababu "tutakupa chumba" ya mdomoni haidaiwi popote.

Saa za kawaida ni 8 kwa siku na 48 kwa wiki, likizo ni siku 30 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, na majaribio hayazidi miezi sita. Ukitaka kuhamia mwajiri mwingine wa hukohuko ndani ya majaribio, unatoa notisi ya mwezi mmoja. Ukitaka kuondoka nchini, siku 14.

Sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Makato ya "hela ya viza" kila mwezi ni kuzunguka. Kukushikia pasipoti ni kosa. Wakiihitaji kwa ajili ya ukazi, andika tarehe uliyoitoa na uidai ikimaliza kazi. Malalamiko yanapokelewa na wizara kwa simu 600590000 au 80084, na kumlalamikia mwajiri hakuhitaji wakili.

Baada ya kusaini, usianze kazi. Mpangilio ni kibali cha kazi, kubadilisha hadhi kutoka mgeni, vipimo vya afya, kitambulisho cha Emirates, ukazi. Wiki hizo utazila kwenye akiba yako, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutofika na pesa za mwezi mmoja.

Kazi za nyumbani zina njia yake. Zina sheria yake, namba 9 ya mwaka 2022, na ajira hupitia vituo vilivyoidhinishwa na wizara. Dada anayeletwa kwa viza ya matembezi kisha akafungiwa kwenye ofisi akisubiri "bosi amchague" hayuko kwenye njia hiyo, na akivushwa kwenda Oman mambo yanazidi kuwa magumu. Wakala wa Kenya ahakikiwe kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya serikali. Wa Tanzania aulizwe TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na wa Zanzibar aulizwe Kamisheni ya Kazi.

Kuhusu matapeli, dalili ni zilezile: barua pepe ya Gmail inayojiita hoteli kubwa, ada ya "bima" kabla ya usaili, na kazi isiyohitaji sifa yoyote kwa mshahara wa meneja. Moja inastahili kutajwa peke yake. Ofa ya "huduma kwa wateja" Thailand, tiketi imelipwa na usaili ni wa WhatsApp, imewafikisha Wakenya na Waganda kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar. Anayekulipia tiketi ya kwenda tu bila kibali cha kazi anakununua.

Siku zikibaki kumi

Hapo ndipo unapoamua. Kama kuna ofa yenye namba iliyohakikiwa, mwulize mwajiri kwa maandishi lini kibali kitatoka, na kama siku hazitoshi nani atalipia kuongeza muda. Ukiongeza mwenyewe, lipa kupitia aliyekudhamini na uhakiki tarehe mpya kwenye mfumo. Picha ya risiti aliyokutumia wakala haitoshi. Kama kuna ahadi tu, tumia ile tiketi ya kurudi. Unayeondoka bila faini unaweza kuomba tena, na ofa yako ikitoka ukiwa nyumbani, kibali kinakufuata huko.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege mwandikie wakala kwamba unaondoka siku hiyo. Ukishafika, mtumie picha ya kipande cha tiketi ya ndege na ya ukurasa wa pasipoti wenye muhuri wa kutoka, udai amana yako. Wasio na uthibitisho wa kutoka huzungushwa mpaka wachoke.